Tuwasomee Watoto Wetu

*Somo kwa wazazi, walezi na wasimamizi wa ubatizo*

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 20-25, 2 Samweli 12:1-7, Zaburi 78:1-7, Luka 10:25-37.



Wengi wetu twajua kuwafundisha watoto Sala ya Bwana, Imani ya Mitume na Amri Kumi. Hilo ni jambo jema, na Kanisa letu limelitaka tangu zamani kwa kila anayejitayarisha kwa Kipaimara. Lakini sisi tuliofundisha watoto kwa miaka mingi, na baadaye tukawafundisha walimu wao chuoni, tumeona jambo linalotutia wasiwasi. Mtoto aweza kuzitaja Amri zote kumi bila kukosea hata neno, kisha akatoka nje na kumcheka mwenziwe aliyekuja bila viatu. Amri hakuisahau. Ameishika kichwani, ila hajaona inamhusu nani, kwa kuwa hajajiweka hata siku moja mahali pa yule mwenziwe.

Somo letu la safari hii lahusu njia moja ya kumsaidia mtoto huyo. Ni njia isiyo na gharama kubwa, haihitaji cheti cha ualimu, wala haina haja ya kumngoja Padre. Njia yenyewe ni kumsomea kwa sauti nyumbani, kila siku kidogo, na kumsimulia hadithi. Mtoto asikilizaye hadithi hujifunza kuona kwa jicho la moyo mambo yasiyokuwapo mbele yake: nchi ambayo hajafika, mtu ambaye hajakutana naye, njaa ambayo yeye hajaipata. Asiyeweza kuona hivyo atapata shida kumpenda jirani yake; na Mtume Yohana ametuonya kwamba kumpenda ndugu na kumpenda Mungu ni mambo yasiyotengana (1 Yohana 4:20).

1. Mtoto anapouliza

Tukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 6, twaona kwamba Musa hakuwaagiza Waisraeli wajenge shule. Aliwaagiza wanene na watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Yaani mafundisho yafuatane na maisha ya kila siku ya nyumba.

Kisha tutazame mstari wa 20 na wa 21. Mtoto anamwuliza baba yake maana ya amri na hukumu zote hizi. Je, baba anaagizwa amjibu kwa kumwongezea amri nyingine? La. Anaagizwa amsimulie habari: jinsi walivyokuwa watumwa wa Farao huko Misri, na jinsi Bwana alivyowatoa. Mtoto ameuliza juu ya sheria, naye anajibiwa kwa hadithi ya kweli ya watu wake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Pasaka (Kutoka 12:26-27), na kwa mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika mto Yordani (Yoshua 4:6-7). Mungu aliweka vitu vya kumfanya mtoto aulize, naye mzazi alitakiwa awe tayari kusimulia.

Tukumbuke pia kwamba siku zile vitabu viliandikwa kwa mkono na vilikuwa ghali mno. Watu wengi waliyapata Maandiko kwa masikio. Hata mwenye kitabu alisoma kwa sauti. Ndiyo sababu Filipo aliweza kumsikia yule mkuu wa Kushi akisoma garini (Matendo 8:30). Timotheo alipoyajua Maandiko tangu utoto, ni nani aliyemtia njiani? Mtume Paulo anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5, 3:15). Basi kumsomea mtoto si mtindo mpya ulioletwa na shule. Ni desturi ya watu wa Mungu.

2. Mfalme aliyezijua sheria

Hebu sasa tumtazame Daudi. Alikuwa amemtwaa mke wa Uria, na Uria mwenyewe akauawa vitani kwa agizo lake. Je, Daudi hakuzijua amri za Mungu juu ya kuua na kuzini? Alizijua, na miezi ikapita bila moyo wake kuguswa.

Nabii Nathani alipotumwa kwake, hakuanza kwa kumsomea sheria. Alimsimulia habari ya maskini mmoja aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akimlea pamoja na watoto wake, akila naye na kulala naye, na ya tajiri mwenye makundi mengi aliyemnyang'anya. Daudi alimwona yule maskini. Alimwona na mwana-kondoo wake. Hasira ikamwaka, akamhukumu yule tajiri. Ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Wazazi wenzetu, tulifikiri sana jambo hili. Kuzijua amri hakukumwamsha mfalme, bali hadithi ya kondoo ilimwamsha, kwa kuwa ilimfanya aone. Kama mtu mzima, tena mtunga zaburi, alihitaji msaada huo, je, si zaidi mtoto wa miaka saba? Amri humwambia mtoto lililo jema. Hadithi humpa macho ya kumwona yule atakayeumia amri isipofuatwa. Yote mawili yahitajiwa, nasi katika nyumba zetu tumezoea kutoa moja tu.

3. Je, hadithi si uongo?

Wako Wakristo wema wanaosema: habari za Biblia sawa, lakini ngano za sungura na fisi ni uongo, hazifai katika nyumba ya Mkristo. Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu.

Uongo ni neno lisemwalo ili mtu adanganyike. Msimulizi wa ngano hamdanganyi mtu. Anapoita "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", wote wamekubaliana kwamba sasa wanaingia katika mambo ya kubuniwa. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Baba mwenye wana wawili katika Luka 15 hana jina wala kijiji, na hakuna msikilizaji aliyemwuliza Yesu nyumba yake iko wapi. Mambo aliyoyafundisha kwa mfano huo ni kweli tupu.

Tena tunaye shahidi katika historia ya Kanisa letu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Huyu ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya na Kitabu cha Sala kwa Kiswahili, akawa Askofu mwaka 1874, na amezikwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Lakini mwaka 1870, kabla hajawa Askofu, alichapisha kitabu kikubwa cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Ndani yake imo ile ya kima na papa: papa anamchukua kima baharini, kisha anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, naye kima anamjibu kwamba wao huiacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Hakuna mtoto anayeamini kwamba moyo hutundikwa mtini. Mtoto hucheka, na katika kucheka kwake hujifunza kwamba akili yaweza kumwokoa mnyonge. Mtu aliyetuletea Injili kwa Kiswahili hakuona aibu kuketi na kusikiliza ngano. Sisi tuone aibu ya nini?

Hata hivyo si kila hadithi yafaa. Hadithi inayosifu ukatili, au inayowadhihaki vilema na watu wa kabila jingine, tuiache. Na mtoto avunjaye chungu kisha akasema paka ndiye aliyekivunja, huyo amesema uongo, aonywe. Mtoto aliyezoea hadithi hujifunza mapema tofauti ya mambo hayo mawili.

4. Jinsi ya kumsomea: mfano wa Msamaria

Tuchukue Luka 10:30-35 tuone kazi yenyewe inavyofanyika.

*Kwanza, mzazi ajisomee peke yake.* Atafute maneno magumu na kuyaeleza kabla ya kuanza, asije akakatiza hadithi katikati. Mlawi ni nani? Ni mtu wa kabila la Lawi, mtumishi wa Hekalu. Msamaria? Ni mtu wa taifa ambalo Wayahudi hawakupatana nalo. Dinari mbili ni kiasi gani? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja (Mathayo 20:2). Basi ni ujira wa siku mbili.

*Pili, ampe mtoto mahali pa kusimama.* Njia ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni yapata kilometa 27, nayo huteremka karibu mita 1,000, kwa kuwa Yerusalemu uko mlimani na Yeriko uko chini hata ya usawa wa bahari. Wanaoijua barabara ya kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo watapata picha ya mteremko huo, ila kule hakuna miti wala maji ya Usambara. Ni majabali makavu, yenye mahali pengi pa wanyang'anyi kujificha. Maneno machache kama haya yatosha.

*Tatu, asome polepole.* Asibadili sauti kama mchezaji wa maigizo. Asome kwa sauti yake ya kawaida, akipumzika kila jambo jipya linapotokea. Afikapo pale yule mtu alipoachwa karibu ya kufa, anyamaze kidogo. Kimya hicho ni sehemu ya kusoma. Hapo ndipo mtoto anapofanya kazi yake ya kuona.

*Nne, aulize swali moja au mawili, yasiyo ya mtihani.* Swali kama "Msamaria alitoa dinari ngapi?" ni la darasani. Yafaa kuuliza: "Kama wewe ndiwe uliyelala pale chini, ungeona nini?" Mtoto mmoja alitujibu, "Ningeona miguu tu." Jibu hilo ni zuri kuliko mahubiri mengi. Miguu ya kuhani inakuja, inapita. Miguu ya Mlawi inakuja, inapita. Kisha kwato za mnyama, nazo zinasimama.

Sasa tazama mstari wa 36. Yule mwanasheria alikuwa ameuliza jirani yake ni nani. Aliuliza akiwa amesimama mahali pake mwenyewe, akihesabu watu anaopaswa kuwapenda. Bwana Yesu alimrudishia swali akiwa amelibadili: katika wale watatu, ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Alimtaka atazame kutoka pale chini barabarani. Hivyo tunapomwambia mtoto ajione amelala pale, hatumchezeshi. Tunamfundisha kama Bwana alivyofundisha.

*Tano, anyamaze.* Akishasoma na kuzungumza kidogo, afunge kitabu na kusali. Asiongeze: "Umeona sasa? Ndiyo maana nakwambia umsaidie dada yako kuchota maji." Mbegu imekwisha pandwa, usiifukue kila jioni kutazama kama imeota.

5. Mambo ya kuepuka

(a) Tusifanye nyumba kuwa darasa la pili. Sisi ni walimu, nasi ndio tunaosema hivyo. Watoto wengi huona kitabu pamoja na mtihani na fimbo tu. Nyumbani wakione pamoja na mkono wa mama begani.

(b) Tusitumie hadithi kuwatisha. Mzazi asemaye "Ukilia, zimwi litakuja" ametumia kipawa kizuri cha mtoto ili kumwumiza. Afadhali asimulie hadithi ambayo zimwi linashindwa. Vibaya zaidi ni kumtaja Mungu kwa namna hiyo. Mtoto akikua atamkimbia kama alivyolikimbia zimwi.

(c) Tusiache kumsomea mtoto kwa sababu sasa ajua kusoma. Mtoto wa darasa la pili au la tatu husoma kwa kusuasua, lakini kwa masikio aweza kufuata habari ngumu zaidi kuliko ile awezayo kuisoma mwenyewe. Akiachiwa vitabu vyepesi tu, moyo wake hubaki na njaa.

(d) Tusiwaachie akina mama peke yao. Mary Sumner alipoanzisha Umoja wa Akina Mama huko Uingereza mwaka 1876, shabaha yake ilikuwa kuwasaidia akina mama katika malezi ya watoto wao, na kazi hiyo yaendelea hata kwetu. Lakini Kumbukumbu la Torati haikuwaachia baba ruhusa. Mtoto anayemsikia baba yake akisoma hujifunza kwamba Neno la Mungu si la wanawake na watoto tu.

6. Vikwazo vyetu

*"Hatuna nafasi."* Dakika kumi hadi kumi na tano zatosha, baada ya chakula na kabla ya sala za jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

*"Sisi hatujui kusoma vizuri."* Basi mtoto mkubwa asome, wazee wasikilize na waeleze. Babu na bibi wasimulie. Asiyejua hata herufi moja aweza kuwa msimulizi bora kuliko mwalimu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kama watoto huelewa zaidi lugha ya nyumbani, msomaji asome kwa Kiswahili kisha asimulie upya kwa lugha hiyo.

*"Hatuna vitabu."* Biblia ni maktaba nzima. Wengine wanapenda tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, na kwa watoto wadogo Habari Njema ni nyepesi. *Safari ya Msafiri* ya John Bunyan, aliyefungwa gerezani kwa ajili ya kuhubiri, na ambayo kwa Kiingereza ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1678, imekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga, yafaa kusomwa baada ya habari za Yusufu, kwa kuwa yahusu ndugu waliomfanyia mwenzao uovu. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutoa vitabu vingi vya hadithi kwa Kiswahili. Familia tatu zikinunua kimoja kimoja na kubadilishana, kila moja ina vitatu. Kwa nini parokia isiwe na sanduku dogo la vitabu, likitunzwa na mwalimu wa Shule ya Jumapili?

*"Watoto wanapenda televisheni na simu."* Hatusemi vitu hivyo ni dhambi. Lakini katika televisheni picha imekwisha tengenezwa na mtu mwingine; mtoto hukaa na kupokea. Akisomewa, picha hutengenezwa ndani yake mwenyewe. Mkono usiofanya kazi hulegea, na jicho la moyo vilevile. Basi kwa zile dakika kumi na tano vizimwe, na simu ya baba iwe ya kwanza.

7. Mpango wa juma moja

Habari za Yusufu zafaa sana kwa kuanzia. Msikimbilie mwisho. Mtoto akilala akiwa anafikiri Yusufu atatokaje shimoni, hilo ni jambo jema.

Jumatatu: Mwanzo 37:1-11, ndoto za Yusufu.
Jumanne: Mwanzo 37:12-24. Acheni pale shimoni.
Jumatano: Mwanzo 37:25-36, anauzwa kwa vipande ishirini vya fedha.
Alhamisi: Mwanzo 40, gerezani. (Sura ya 39 mzazi aisimulie kwa kifupi.)
Ijumaa: Mwanzo 41:1-43, mbele ya Farao.
Jumamosi: Ngano ya babu au bibi, watoto nao wasimulie yao.
Jumapili: Injili iliyosomwa kanisani, isomwe tena nyumbani.

Juma la pili endeleeni na sura za 42 hadi 45. Mtakapofika Yusufu anapojitambulisha kwa ndugu zake, msiulize swali lolote.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Ni nani aliyekusimulia hadithi ulipokuwa mtoto? Wakumbuka ipi mpaka leo, na kwa nini?
2. Kwa nini Nathani hakumwambia Daudi dhambi yake mara moja?
3. Soma tena Kumbukumbu la Torati 6:20-25. Mtoto wako akikuuliza kwa nini tunakwenda kanisani, utamsimulia nini?
4. Ni mtu gani katika mtaa wetu ambaye watoto wetu humpita bila kumwona? Wamejifunza kwa nani kumpita?
5. Ni saa gani nyumbani kwako yaweza kutengwa kwa kusoma?

Tuombe

Ee Mungu Baba yetu, uliyewaagiza wazee wa Israeli wawasimulie watoto wao matendo yako makuu: Uzifungue midomo yetu tuwasomee wana wetu bila kuchoka, uwafungue macho ya mioyo yao wakuone wewe, na kuwaona jirani zao waliolala njiani, utujalie nasi tuwe watu wa kusimama, wala tusipite upande mwingine, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.